Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza rasmi! Pendekezo la utafiti, shahada ya uzamivu. Nafasi imebaki moja, jopo linakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Msimamizi, yule mama profesa asiyecheka, amenirudishia rasimu ya kwanza. Mada yangu: "Elimu, Jamii na Maendeleo: Jana, Leo na Kesho." Kasema hiyo si mada, hiyo ni maktaba nzima. Akataka swali moja tu ambalo silijui jibu lake na linaninyima usingizi. Mimi nalala fofofo. Hapo ndipo penye tatizo.

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, yuko mwaka wa pili wa uzamivu. Msibani watu walikuwa wakimwita Daktari. Bado hajawa! Mimi mfiwa nikabaki Mwalimu. Sijasahau.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya: kuanza na marejeo. Nimekusanya mia moja na arobaini. Marejeo kurasa kumi na nane, pendekezo lenyewe kurasa mbili. Linatisha kwa uzito. Msimamizi akaweka kidole kwenye kitabu cha tisa, akauliza kinasema nini. Nikasema kinasema mengi, ila mwandishi wake anarukaruka. Kumbe mwandishi ni yeye. Nimerudi nyumbani nimefyata mkia.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikuwa natafuta stepla. Nikafungua upande wake wa kabati, mara ya kwanza tangu mazishi. Mwaka mmoja na mwezi. Sare zake za uuguzi bado zina mkunjo wa pasi. Nikakaa kitandani nikalia, basi. Stepla sikuiona.

Niliona begi lake la kazini. Ndani, daftari la jalada gumu. Nilikuwa namwona akiandika jioni, nikadhani ni ratiba ya zamu. Kumbe! Miaka mitatu alikuwa akiwaangalia jamaa wanaokuja kutazama wagonjwa wodini. Juu ya ukurasa wa kwanza kaandika: Kwa nini watu hawamuulizi mgonjwa wao anaumwa nini? Kila jamaa kampa namba na mistari miwili. Swali lipo, mbinu ipo, pengo la maarifa lipo. Alikuwa na pendekezo zima mle, na mimi chumba cha pili nasahihisha insha.

Mali ya mke ni mali ya mume. Jina langu litakaa vizuri hapo juu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempa binti yangu daftari achape, vidole vyake vyepesi. Kasema, baba, huu si mwandiko wa mama? Nikamwambia achape tu, asisome. Akauliza mtu anachapaje asichosoma. Watoto wa siku hizi ubishi umewajaa.

Alasiri katoka na macho mekundu. Nikamshauri apunguze mwanga wa kompyuta. Akaniomba nisome ukurasa wa mwisho kabla sijaupeleka popote. Alirudia mara mbili. Nikaahidi. Halafu nikashikwa na kazi ya jalada: herufi za jina langu zilikuwa ndogo mno.

Jumatatu, 10 Machi
Msimamizi kapiga simu mwenyewe! Kasema hilo sasa ndilo swali, na kwamba limeandikwa na mtu aliyeumia. Nikasema asante, nilijitahidi kuumia. Nimemtumia shemeji ujumbe: Daktari mwenzio anakusalimu. Kimya. Wivu huo.

Alhamisi, 13 Machi
Tai nimevaa. Jopo watu watatu. Nusu saa ya kwanza niliogelea kama bata. Kisha mzee mmoja mpole akauliza kwa nini Namba 41 kapewa ukurasa mzima, wenzake wote mistari miwili. Sikuwa na habari naye. Nikasema sampuli nzuri haibagui mtu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Namba 41. Mume, mwalimu. Anakuja kila siku saa kumi na moja, hakosi. Anamenya machungwa, anayapanga kwenye sahani, anazungumza habari za shule. Leo siku ya hamsini na mbili tangu nilazwe. Hajaniuliza naumwa nini. Hajaniuliza kama naogopa. Nimewauguza wengi nikadhani wasiouliza hawajali. Huyu anajali, naona mikono yake inavyotetemeka kwenye kisu. Angeuliza, ningemwambia."

Machungwa yale nilikuwa nikiyachagua sokoni moja moja. Mke wangu, nilidhani unapumzika.

Mzee akauliza taratibu, huyu ni nani. Nikasema ni mtu mmoja tu, hana uzito kitakwimu, tunaweza kumtoa. Msimamizi akanisogezea maji, akauliza daftari ni la nani. Nikasema ni la mke wangu.

Walinitoa nje, wakaniita. Wamesema swali ni zuri, mwenye swali siye mimi. Jina la mke wangu litangulie. Na kabla hawajaamua kuhusu nafasi, Jumatatu nilete ukurasa mmoja, wa kwangu, bila marejeo: kwa nini Namba 41 hakuuliza.

Jumapili, 16 Machi
Ukurasa unakwenda vizuri! Nimeanza hivi: "Ukimya wa jamaa ni suala pana lenye sura nyingi." Walisema bila marejeo, lakini hiyo ni adabu tu ya wasomi, kama mgeni anayesema ameshiba. Nimeweka kumi na sita. Kitabu cha msimamizi nimekiweka cha kwanza.

Binti yangu kabisha hodi asubuhi. Amevaa sweta la mama yake. Kasema hajala tangu Alhamisi, na anataka tuzungumze. Nikamwambia, mwanangu, kesho, baada ya jopo, baba yako yuko katikati ya sentensi. Akasimama mlangoni kidogo kama anayengoja kitu, kisha akaenda chumbani kwake. Sasa namsikia analia.

Nimemmenyea machungwa mawili. Nimeyapanga kwenye sahani, nikamwekea mezani chumbani kwake, nikamweleza habari za shule kidogo. Kisha nikarudi kumalizia ukurasa wangu.