Jinsi Bwana Futi Alivyoleta Moto Chumbani kwa Mama

Kwa jina la Mola aliyeumba jua na kivuli, akampa mwanadamu ngozi nyembamba na akili ya kutafuta blanketi, naanza. Jongeeni, enyi mliokaa mbali. Tueni vikombe vyenu, wapakateni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari niliyoibeba ni nzito na vumbi la vita vyake bado halijatulia. Sikuja na habari za masultani waliovunja ngome, wala za majemadari waliovuka majangwa wakila ngozi za viatu vyao. Nimekuja na habari za mshona nguo mmoja aliyetoka kwake asubuhi ya Jumatano kwenda kuagiza hita ya gesi ya ukutani, na yaliyomkuta humo njiani yakawa ya kuandikwa.

Jina lake la vitani lilikuwa Bwana Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake, awe kazini, awe harusini, awe mazikoni. Simba wa Sindano, Mtawala wa Mkasi, alikuwa amekaa miaka thelathini na minne nyuma ya cherehani moja, na katika miaka hiyo alijulikana mtaa mzima kwa tabia mbili. Ya kwanza, hakununua kitu kabla ya kukigeuza nje ndani, akatazama mshono na bitana, ndipo akatia neno. Ya pili, kila alichokipima alikiongezea upindo wa vidole viwili kila ukingo, iwe suruali, iwe pazia, iwe mlango. Kwa tabia hii ya pili alichekwa. Kabati la vyombo alilolitolea vipimo yeye mwenyewe lilikuwa limesimama uani mwaka wa saba, likinyeshewa mvua, kwa sababu lilikataa katakata kuingia jikoni.

Na adui alikuwa nani? Alikuwa Baridi, mfalme asiye na huruma, ambaye kila mwaka majira yalipogeuka aliteremka na jeshi lake, akapenyeza askari wake chini ya mlango na kando ya dirisha, akapiga kambi katika chumba cha Mama. Chumba hicho kilipakana na chumba cha cherehani, na jua halikuwahi kukiona. Humo bibi yule mwema, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, alisali amejitanda shali tatu, na alipofungua msahafu aliugeuza ukurasa kwa kidole kilichovikwa soksi.

Siku ya Jumanne aliingia dada mkubwa wa Bwana Futi, mwanamke wa kauli moja, akaaye kule bondeni kwenye joto. Alimshika Mama mikono, akaiachia, akamgeukia ndugu yake, na hotuba yake ilikuwa fupi kama panga.

“Mdogo wangu, nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya Alasiri. Nikimkuta Mama bado amefungwafungwa kama kifurushi cha posta, naondoka naye.”

Kisha akautoa mfuko wa safari wa Mama uvunguni, akaupangusa vumbi, akauweka wazi juu ya kiti kama mtu awekaye mzinga juu ya ukuta wa ngome.

Mama alinyoosha pindo la msala kwa vidole, akaendelea kulinyoosha hata lilipokwisha kunyooka. Dada alipotoka ndipo akauliza, bila kumtazama mwanawe, “Na huko bondeni, alfajiri nitasikia cherehani ya nani?”

Ewe msikilizaji, jua kwamba kwa miaka thelathini na minne, kila alfajiri baada ya sala, cherehani ile ilipopiga mlio wake wa kwanza, sauti ilipenya ukutani ikauliza: Umeamka? Na Simba wa Sindano akajibu: Nimeamka, Mama. Hapo ndipo siku yake ilipoanza, na bila hapo hakujua siku huanzia wapi. Swali lile likamchoma moyoni. Akaikaza futi shingoni, akapima chumba cha Mama urefu, upana na kimo, akaongeza upindo kila mahali pasipo hata kujijua, akaapa kwamba mfuko ule utarudi uvunguni.

Asubuhi ya Jumatano akaingia katika duka la hita, naye muuzaji akampokea kwa maneno ya asali, akampeleka moja kwa moja mbele ya hita kubwa yenye fremu ya dhahabu, simba wawili wa kuchonga kila upande, na ndani yake magogo ya bandia yaliyong'aa hata kabla ya kuwashwa. Muuzaji akaisifu kwa dakika nyingi. Akasema sebule za wakubwa zimejaa hizi; akasema mgeni akiingia haangalii kitu kingine.

Bwana Futi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba igeuzwe.

Muuzaji akasema katika miaka yake yote dukani hakuwahi kuombwa jambo hilo. Hita hutazamwa usoni. Ndipo shujaa wetu akasimama wima, akaweka mkono kifuani, akanena:

“Ndugu yangu, mimi nimegeuza makoti ya mahakimu na kanzu za mabwana harusi, nikaona nyuma yake mambo ambayo wenyewe wangelia kama wangeyaona. Sitakiweka chumbani kwa mama yangu kitu ambacho sijakiona mgongo.”

Wakaigeuza wawili, wakitweta. Na tazama, nyuma ya simba wa dhahabu palikuwa na bati jembamba lililobonyea kwa kidole gumba, na mahali pa kuchomelea palikuwa na mabonge na mianya, mfano wa mshono wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akatafuta bomba la kutolea moshi, asilione. Akauliza pumzi ya moto huu huenda wapi. Muuzaji akajibu kwa fahari kwamba haiendi popote, inabaki humo humo chumbani, na ndiyo sababu joto halipotei.

“Na mama yangu,” akauliza Bwana Futi, “atavuta nini?”

Muuzaji akatazama viatu vyake. Akaulizwa tena: mwali ukizimwa na upepo hali Mama amelala, ni nini kitakachoizuia gesi? Akasema kwamba hapo, kwa kweli, inabidi mtu awe macho.

Shujaa akaipa kisogo ile fahari ya simba wawili, akapita kati ya maboksi, akapekua, hata katika pembe ya duka, nyuma ya ngazi, akaiona hita moja ya rangi ya majivu, haina pambo, haina magogo, ina kioo kidogo tu cha kuonyesha moto. Akaigeuza peke yake. Akaigonga, ikaitika kwa sauti nzito. Akapitisha kucha kwenye maungio, kucha isikwame popote. Ilikuwa na bomba linalovuta hewa kutoka nje na kuurudisha moshi nje, na ndani yake kifaa kidogo kinachonusa mwali, ambacho mwali ukifa hufunga gesi chenyewe. Machozi yakamlenga Mtawala wa Mkasi, kama siku alipoona kwa mara ya kwanza koti lililoshonwa kwa mkono tupu.

Muuzaji akamwambia hiyo ni ya kuonyeshea tu, wanunuzi wake ni wenye nyumba za wageni, nayo huletwa kwa oda siku nane. Siku nane! Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa yenyewe. Bwana Futi akaiomba kalamu kama mtu aombaye upanga. Aliposoma fomu alikuta imeandikwa gesi ya bomba la mtaani. Akakataa kutia sahihi mpaka ifutwe iandikwe ya mtungi, kwa kuwa alishaambiwa na waliopatwa kwamba tundu la hita la gesi hii haliifai gesi ile, na mwali wake hutoa masizi. Akataka dhamana iandikwe, na vipuri viwe vinapatikana. Kisha akatoa vipimo vya chumba, pamoja na upindo, na kwa upindo huo hesabu ikavuka mstari wa jedwali la ukubwa wa hita kwa unywele mmoja, hita ikapanda daraja moja kwa ukubwa. Hakuna aliyeliona jambo hilo ila Mola wake.

Hita ikafika Alhamisi jioni, nayo Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri akaja fundi wa gesi, mwanamke wa maneno machache mwenye sanduku la spana. Mwashi wa jirani alikuwa amekwisha toboa ukuta kwa vipimo vya Bwana Futi. Wakati bomba linapenyezwa ukutani, mlango ukafunguliwa, akaingia Dada Mkubwa na koti lake zito, na Alasiri imekaribia.

Bomba likapita. Ole wetu, likapita kwa raha mno! Pande zote lilizungukwa na nafasi tupu, na kwa nafasi hiyo jeshi la Baridi likaingia lote kwa pamoja, farasi na watembea kwa miguu. Mama akajivuta shali ya tatu hadi puani. Dada akainama, akachungulia lile tundu.

“Namwona paka wa jirani,” akasema. “Ananawa uso. Upindo tena, mdogo wangu? Kabati halikukufunza?”

Akauchukua mfuko, akaanza kukunja kanga za Mama. Shujaa akasimama katikati ya chumba, futi imening'inia shingoni kama bendera ya walioshindwa. Aliwaza simenti, lakini simenti haikauki kwa saa moja. Akamtazama Mama, na Mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ukuta wa upande wa cherehani, ametulia hivyo.

Fundi alikuwa amepiga magoti, karatasi ya maelekezo mkononi. Akaingiza vidole viwili katika ile nafasi, juu, chini, kulia, kushoto. Akauliza ni nani aliyepima.

“Ni mimi,” akasema Bwana Futi, “na lawama ni yangu mbele ya mama yangu na mbele ya nyinyi nyote; mwashi hana kosa.”

“Lawama ya nini, mzee?” akasema fundi. “Bomba hili linapata moto, halitakiwi kugusa ukuta. Vidole viwili kila upande, ndivyo ilivyoandikwa hapa. Kila nyumba ninayoingia nakuta tundu limebana, nabomoa upya, siku inaisha. Hebu nipe lile bamba la kuzibia, limo ndani ya boksi.”

Dada akabaki na kanga mkononi, imekunjwa nusu.

Bamba likafungwa kwa skrubu nne, na mwanya ukazibwa, paka asionekane tena. Mtungi ukaunganishwa uani, povu la sabuni likapakwa kwenye maungio, lisitoe hata kipovu kimoja. Kitufe kikabonyezwa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mwali wa buluu ukasimama nyuma ya kioo, umenyooka kama safu ya wasalihina. Jeshi la Baridi likarudi nyuma hatua kwa hatua, likaacha kitanda, likaacha msala, likajibanza dirishani, likatoweka.

Mama akavua shali ya kwanza. Baada ya kitambo akavua ya pili. Akaishika ya tatu, akaitafakari, akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya mto.

“Fungueni dirisha kidogo,” akasema. “Mnataka kunioka?”

Dada Mkubwa, jasho likimtoka, akavua koti lake zito. Kanga akazirudisha kabatini moja moja, na ule mfuko akausukuma uvunguni kwa mguu, pasipo kumtazama mtu.

Basi waandishi wa tarehe waandike, na wasiojua waulize, kwamba Ijumaa hiyo baada ya Alasiri ngome ya Baridi ilianguka, na aliyeiangusha hakuwa na silaha ila futi:

Ukuta ukatoboka,
upepo ukafurika,
moto nao ukawaka,
Mama akavua shali.

Na waandike pia kwamba alfajiri iliyofuata, baada ya sala, cherehani ilipopiga mlio wake wa kwanza, sauti ilipenya ukutani: “Umeamka?”

“Nimeamka, Mama,” akajibu Simba wa Sindano.

Ikafuata sauti ya pili kutoka chumba kile kile cha Mama, ya mwanamke wa kauli moja, nzito kwa usingizi na joto: “Wengine bado tumelala.”