Herufi Tano Kwenye Parachuti

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Ndege mbili, basi moja. Wifi amelala njia nzima mdomo wazi na bado ameamka mrembo. Mimi sikupata hata lepe la usingizi, nikashuka na uso kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Niweke kumbukumbu sawa, maana hakuna mwingine atakayeziweka. Timu yetu ya taifa ya roketi za mfano ina watu watatu. Fundi saa, ambaye ndiye kocha. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa fizikia. Na mimi, fundi cherehani, ambaye wananiita Pindo tangu nikiwa najifunza kazi kwa sababu pindo zangu hazifumuki. Roketi inapanda sekunde chache tu, fyuu, basi. Kinachoshindaniwa ni kushuka. Kadiri parachuti inavyokawia angani ndivyo unavyopata alama, mwisho dakika tano. Na parachuti zote nimekata mimi! Kwa mkono huu! Plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kamba zimeshikwa kwa utepe wa gundi. Sheria ya kwanza ya kazi hii niliiweka mwenyewe, nikaibandika ukutani kwa fundi saa: sindano isiguse parachuti.

Sasa, pale uwanja wa ndege waandaaji wamempa nani maua? Wifi. Mimi nimepewa sanduku lake nishike.

Sebuleni kwa mama mkwe kuna picha kumi na nne ukutani. Wifi akihitimu. Wifi akihitimu tena. Wifi na kikombe cha mdahalo. Nimeolewa nyumba ile mwaka wa kumi na moja huu, nami nipo kwenye picha moja, kiwiko tu, upande wa kushoto, nikimkabidhi wifi soda. Nimeapa. Safari hii narudi na kitu cha kutundikwa. Msumari wa kumi na tano ni wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Fundi saa ametuonyesha kisanduku alichokichonga mwenyewe, ndani kina mahameli nyekundu. Cha kuwekea medali. Amekuja mashindano haya mara nne, na mara nne kisanduku kimerudi kitupu. Alikuwa anakipangusa kwa kiganja huku akisimulia, nami nikajikuta natazama pembeni. Akasema safari hii timu tunayo. Na aliposema timu alikuwa anamtazama nani? Sina haja ya kuandika.

Mpango wa kwanza. Nina parachuti moja kubwa na moja ndogo, za pepo tofauti. Kubwa ndiyo inayokawia. Kubwa yangu! Ndogo nimemkunjia wifi, nikaipaka poda isigandane, nikamwambia nimemchagulia iliyo bora. Akanishukuru. Akanikumbatia! Kutwa nzima juani na bado ananukia vizuri, sijui anafanyaje.

Jumatano, 6 Agosti

Raundi ya kwanza. Nimetangulia mimi. Roketi ikapanda, parachuti kubwa ikafunguka, nikaanza kutabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Upepo ukaibeba. Ikavuka uwanja, ikavuka barabara, ikapotelea nyuma ya ghala. Mpima muda akabonyeza saa yake. Wasipoiona, muda umekwisha. Dakika moja na sekunde hamsini. Nikamwambia bado inaelea huko nyuma, aende akaangalie. Akanijibu kwamba kazi yake ni kuona, siyo kuamini.

Wifi hakurusha. Alisimama na kijiti chenye uzi, akiutazama tu ule uzi. Dakika kumi! Nikamuuliza kama anasubiri basi. Akasema anasubiri hewa ya moto ipande kutoka kwenye paa la bati la ghala. Kisha akarusha. Parachuti yake ndogo haikubebwa mbali, ikaikalia ile hewa na kukataa kushuka. Dakika tano kamili. Watu wakapiga makofi. Wifi akanionyesha kwa kidole mbele ya wote, akasema parachuti ile imechaguliwa na wifi yake. Nikainama kuwashukuru.

Alhamisi, 7 Agosti

Raundi ya pili. Wifi, tano tena. Fundi saa, nne na nusu. Mimi, tatu, si haba. Tumeshika nafasi ya tatu!

Nikasikia mtangazaji wa televisheni anamtafuta aliyetengeneza parachuti. Hatimaye! Nikakimbilia chooni kupaka wanja. Kurudi, anamhoji wifi. Wifi alikuwa anamsihi amsubiri fundi mwenyewe, anakuja sasa hivi, lakini mtangazaji akasema hana muda. Nikajisogeza nyuma yao. Nikanyanyua mkono kama mtu anayerekebisha kilemba, ili nami nionekane.

Jioni mama mkwe akapiga simu. Ameangalia yote, mwanzo mpaka mwisho. Anachotaka kujua ni kiwiko cha nani kile kilichokuwa kinamziba mwanawe uso. Nikamwambia sijui, Mama, kulikuwa na watu wengi.

Niandike wazi, daftari halina mdomo. Naona wivu. Hata akipiga chafya naona kanizidi kwa chafya.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mapumziko. Wenzangu wamekwenda kujifunza gwaride la kufunga mashindano. Mimi nimesema kichwa kinaniuma.

Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki. Kesho kamera zote zitafuata parachuti moja tu, ya wifi. Basi na jina langu liwe huko huko! Herufi tano. PINDO. Kwa rangi nyekundu. Nikajaribu kalamu, wino ukafutika kwenye poda. Utepe wa gundi anao fundi saa, kaufungia mkobani kana kwamba sisi ni wezi. Kilichobaki kwenye mkoba wa fundi cherehani ni kitu kimoja.

Sheria naijua. Niliiandika mimi. Lakini niliwaandikia watu wasiojua kushika sindano. Nimetumia iliyo nyembamba kabisa. Matundu yenyewe siyaoni bila miwani. Hewa yote ile itapenya vipi kwenye tundu dogo namna hii? Nimedarizi mishono mia mbili na kumi na sita. Herufi O imenitoa machozi kwa uzuri. Nikaipaka poda, nikaikunja, nikairudisha kwenye roketi ya wifi kama nilivyoikuta.

Nimempelekea mama mkwe ujumbe. Kesho asiache kutazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Raundi ya mwisho. Mimi, dakika tatu na sekunde arobaini. Fundi saa, tano kamili, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akapiga hesabu mara mbili kwenye karatasi: wifi akipata dakika nne tu, medali ya shaba ni yetu. Akakitoa kisanduku mkobani na kukiweka magotini, wazi.

Wifi akasubiri uzi wake ulegee. Akarusha.

Ikafunguka. Jina langu! Juu kabisa, jekundu, mataifa yote yamenyanyua vichwa! Mtangazaji akalisoma kwenye kipaza sauti. Nikalia. Nikamshika mkono mtu wa timu nyingine, simjui wala hanijui, nikamwambia yule ni mimi. Kwa sekunde ishirini hapakuwa na mtu mwenye furaha kunizidi pale uwanjani.

Kisha ikachanika. Ilianzia mguu wa P. Ikafuata mishono, tundu kwa tundu, kama stempu inavyochanwa. Ikapita I, ikapita N, ikapita D, ikaizunguka O yote, na kile kiduara kikatoka kikaenda zake. Roketi ikaja chini mbio. Dakika moja na sekunde nne.

Nafasi ya tano.

Fundi saa akafunga kisanduku. Kilitoa sauti ndogo tu, tik. Akaenda kuokota parachuti, akauona uzi, akaliona jina, akaniangalia. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo mawili tayari, moja lilihusu ndege mwenye mdomo mrefu. Wifi akanitangulia.

"Nilimwomba mimi," akasema. "Kazi ni yake, nilitaka jina lake lionekane. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi, kocha."

Hakuniomba! Hakujua lolote! Nilimwona akilisoma lile jina, machozi yanamlengalenga, na bado akasema vile. Fundi saa akampa mkono, wakakaa pamoja kwenye nyasi. Watu wakaja kumfariji. Timu ya wenyeji ikamletea maua mengine.

Aibu imenijaa mpaka kwenye kucha, sikatai. Lakini hebu fikiria. Hata kosa langu kalichukua yeye!

Jumapili, 10 Agosti

Ndani ya ndege. Fundi saa amekaa mbele, anajaza saa ya mkononi ufunguo kila baada ya dakika kumi. Wifi akaniinamia, akaniuliza taratibu kwa nini sikumwambia.

"Ungesema tu, wifi. Tungemwomba kocha utepe mwekundu, tukabandika."

Nikasema nilitaka kumshtukiza kwa zawadi. Akasema kwa kushtuka, ameshtuka kweli, na akacheka kidogo. Kisha akalala begani kwangu mdomo wazi. Mhudumu akapita, akamfunika blanketi. Mimi hakuniuliza kama nasikia baridi.

Jumapili, 17 Agosti

Kwa mama mkwe. Nimeingia sebuleni nikaganda mlangoni. Msumari wa kumi na tano umepigiliwa! Na juu yake, kwenye fremu yenye kioo, ni ile parachuti, wifi ndiye aliyemletea. Nyuzi nyekundu, zinasomeka. PIND, na tundu pale ilipokuwa O. Jina langu ukutani, baada ya miaka kumi na moja!

Furaha haikumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Majirani wakaja, na mama mkwe akawasimamisha mbele ya fremu. Kumbe ule ujumbe wangu alikuwa ameuelewa vizuri. Akawaeleza kwamba hii ndiyo siku mwanawe alipokosa medali akajitwika lawama ili kumstahi mke wa kaka yake. Wakamtazama wifi kama wanataka kumbeba mgongoni. Mimi wakanitazama kwa huruma. Mmoja akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo, na akasimuliwa.

Walipoondoka mama mkwe akanishika bega, akasema kitu. Nadhani alisema nina bahati ya wifi, na nadhani mwishoni aliniita mwanangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe. Sikusikia vizuri. Nilikuwa napima ukuta. Kati ya fremu ile na dirisha zimebaki sentimita sitini na mbili. Panatosha.

Kosa lilikuwa sindano, si kingine. Msimu ujao natumia utepe mwekundu. Hautoboi, haufutiki, na herufi zitakuwa kubwa mara mbili. Parachuti itakuwa ya wifi, maana bado yeye ndiye anayefuatwa na kamera, na sioni sababu ya kumsumbua kwa kumwambia mapema. Wazo la utepe ni langu. Nimeliandika hapa na tarehe, asije mtu akasema kalitoa yeye.

Nimeshakata P.