Malalamiko Kuhusu Waya Wangu Kuhudhuria Kila Msiba

Kwa Mama Consolata,
Mwenyekiti, Chama cha Kufa na Kuzikana,
Kitongoji cha Nyamkoko, Buswahili, Butiama.

Mama Mwenyekiti,

Shikamoo, na poleni kwa misiba. Sitaji msiba upi, maana siku hizi nikitoa pole moja naona kama nimewanyima wengine.

Mimi ni mwanachama wako Masatu, mwenye nyumba ya bati jekundu karibu na mashine ya kusaga. Naandika kwa heshima zote kuhusu waya wangu wa ekstensheni, ule wa rangi ya machungwa, mita hamsini. Niliununua Musoma kwa kazi moja tu: kufikisha umeme kwenye mashine yangu ya kukatia majani. Mvua hizi zimeotesha majani uani hadi kiunoni, na majuzi nyoka alipita kati ya mlango na choo. Tangu hapo mama yangu, Wankyo, ambaye unajua macho yake yameishiwa nguvu, sijamruhusu kutoka. Anashinda kitandani akisikiliza watu wanavyopita barabarani. Nataka nimkatie majani arudi kukaa nje, basi. Leo asubuhi waya umerudi kutoka matangani. Nimeanza kufungua mafundo, na kabla sijamaliza hasira imenipeleka kwenye karatasi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Waya haupumziki. Kabla hata wenye msiba hawajamaliza kupiga simu, Gody wa kamati ya taa yuko mlangoni kwangu, kofia mkononi: "Kaka Masatu, si unajuaga tu shida zetu?" Mtu aliyevua kofia humnyimi kitu. Nakubali kazi ya Mungu haina makosa. Makosa ninayoyalalamikia ni ya kamati.

2. Jinsi unavyokunjwa. Gody anauzungusha kiganjani na kwenye kiwiko, huku anavuta kwa nguvu kama anafunga mzigo wa kuni. Waya mrefu haukunjwi hivyo. Unalaza duara kubwa moja, linalofuata unaligeuza kinyume ili usijisokote, kisha unauning'iniza kwenye kigingi kinene, si kwenye msumari. Nilimweleza yote haya kwa upole. Akanijibu kwamba marehemu hajalalamika.

3. Kwenye matanga ya mwezi uliopita sehemu kubwa ya waya iliachwa imekunjwa chini ya turubai, wakachomeka taa, spika na jagi la umeme la chai ya wachungaji. Waya uliokunjwa ukibebeshwa umeme mwingi hupata homa. Ulilainika hadi mizunguko ikashikana. Harufu ilipotoka watu walidhani nyama imeiva, wakasogea na sahani.

4. Dume la kitoweo lilifungwa kwa waya wangu. Kamba ilikuwepo, ila kamba ilikuwa imefungia turubai. Dume likakimbia nao hadi kwenye mihogo ya watu. Lenyewe lilipatikana mapema, watu wote wakarudi kwenye sufuria. Waya niliutafuta peke yangu.

5. Ndugu yetu Stanislausi alipopelekwa kuzikwa kwao kisiwani Rukuba, waya nao ulimsindikiza. Sikatai, alikuwa mtu mzuri. Lakini tulimzika tukarudi, waya ukabaki. Huko, nasikia, ulikuwa ukifungia mtumbwi. Ndio huu uliorudi leo, unanuka dagaa, na una fundo ambalo mimi mtu wa pamba silijui mwanzo wala mwisho.

6. Utauliza kwa nini nisitumie fyekeo. Fyekeo langu lilichukuliwa kufyeka njia ya makaburini. Umerudi mpini tu.

Mama Mwenyekiti, nimetafakari sana, nimeona tatizo si waya, ni ratiba. Kwa hiyo naomba chama kipitishe kwamba wanachama wote wasitishe kufa hadi nimalize kukata majani. Siombi miaka, siku moja kavu inanitosha. Mgonjwa anayejiona hali yake si nzuri atoe taarifa mapema, nijue kama nianze upande wa choo au upande wa barabara. Wenye ndugu Bunda mjini wahamie huko wangali na nguvu, kule taa za barabarani zipo. Na yule asiyeweza kabisa kuvumilia, basi asubiri kiangazi, majani yakiwa yamekauka, tena azikwe kabla jua halijazama. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini mimi mpaka sasa sijaona nilichofaidi.

Atakayekaidi, nisilazimishwe kwenda kwenye mazishi yake, na yeye asije kwenye yangu.

Naomba nisieleweke vibaya. Nawapenda wanachama wote, hasa walio hai. Nisalimie wapishi, wachimba kaburi, wajumbe wa kamati zote, na wajukuu wako.

Ni mimi, mwanachama mtiifu nisiyedaiwa mchango wa msiba hata mmoja,
Masatu Wanzagi

N.B. Kabla sijaikunja barua hii, Gody amefika kusema mzee Makoye amefariki. Nikamsomea barua yote pale mlangoni ili aujue msimamo wangu. Sikujua kama mama anasikiliza. Alitoka chumbani ameshika ukuta, akaniambia, "Masatu, na mimi siku yangu utanilaza gizani? Makoye tulilimaga naye pamba. Toa waya." Nikamkumbusha nyoka. Akasema nyoka yupo tu, Makoye amebakiwa na usiku mmoja kabla ya kuzikwa.

Kwa hiyo barua hii nakuletea mwenyewe huko msibani, pamoja na waya. Malalamiko yote nayafuta isipokuwa lile la pili, la kukunja: nitakesha huko, na asubuhi nitaukunja mimi, Gody asiuguse. Mama naye anakuja, nitambeba mgongoni kuyapita majani. Naomba awekewe kiti cha kuegemea karibu na taa, pale watu wanapopita. Anasema kwa macho yake hatawatambua, ila kila anayefika amshike mkono na amtajie jina.