Guru na Mafunzo ya Ubongo

Sukari Guru aliingia kituo cha ushauri nasaha akimkimbia mteja wake wa juzi, aliyekuwa amegundua kwamba godoro alilonunua limejazwa magazeti. Shida nyingine ya moyo hakuwa nayo. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, akajifunika uso kwa kijarida, ndipo akamsikia mkurugenzi akilalamika kwenye simu: vituo vyote mjini sasa vinatibu kiwewe kwa njia za ubongo, wao peke yao bado wanatibu kwa kusikiliza tu, na mkufunzi hapatikani.

Guru akashusha kijarida. Riziki ilikuwa imemfuata mpaka mafichoni, na kuikimbia riziki ni utovu wa adabu.

"Samahani, bosi. Nimesikia umetaja ubongo?"

Jina la Sukari Guru alipewa mtaani kwa utamu wa ulimi. Kwenye kadi aliyokwenda kuichapisha mchana ule, sukari iliondolewa, akabaki Guru. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akawaza kibao kipya getini na bei mpya chini yake, akatoa bahasha ya ada hata kabla hajaombwa. Tamaa mbele, walisema wahenga, na hapa ilikuwa mbele kweli.

Kesho yake asubuhi washauri saba walikaa duara. Guru akafunua kitambaa mezani, ukaonekana ubongo. Tukisema ukweli, ilikuwa koliflawa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hapa," akagonga katikati, "kuna kengele. Mtu akipatwa na balaa, inalia. Balaa linaondoka, yenyewe inaendelea kulia. Hicho ndicho kiwewe."

Hilo lilikuwa sahihi kabisa. Alilisoma kwenye kijarida cha benchini.

"Mwalimu," akauliza mshauri kijana mwenye miwani, "mbona ubongo una majani?"

"Huo bado mchanga."

Wote wakaandika, isipokuwa mshauri mzee ambaye pale kila mtu alimwita Mama Mkubwa. Yeye alimtazama Guru, kisha akatazama kule Guru alikokuwa akitupia jicho kila dakika, yaani mlangoni.

Saa nne ukafika wakati wa zoezi. Simu, alieleza Guru, huvuruga mawimbi ya ubongo, kwa hiyo zote ziingie kwenye begi lake. Viatu huziba hisia za nyayo, kwa hiyo vivuliwe na vipangwe nje. Sayansi hii ya pili ilihusu zaidi nani angeweza kumkimbiza nani.

"Sasa fumbeni macho. Nendeni mahali salama. Msirudi mpaka niwaite."

Wakafumba. Guru akabeba begi, akanyata. Zilibaki hatua tatu.

"Mwanangu," alisema Mama Mkubwa, macho yamefumbwa vilevile. "Wanaotazama mlango namna yako ni wawili tu. Mwizi, na mtu aliyewahi kufungiwa. Wewe ni yupi?"

"Ah, mama! Mimi nilikuwa naangalia upepo."

Mama Mkubwa akanyamaza.

Hapa tuwatendee haki watu wa kusikiliza tu. Polisi hufoka, wadai hugonga milango, na Guru wote aliwazoea. Kunyamaziwa hakukuzoea.

"Nilikuwa naenda msalani," akasema. Kimya. "Na hili begi... begi ni la..." Kimya tena.

"Baba mdogo," akasema Guru, asijue maneno yametoka wapi. "Nilivunja chupa yake ya chai. Akanifungia stoo ya mkaa. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Wakanisahau, mama. Mpaka kesho yake. Nilikuwa na miaka sita."

Akakaa sakafuni, begi mapajani, akalia kama mtoto. Nilikuja hapa kumcheka mtu huyu, lakini pale nilimwonea huruma, na sioni aibu kusema hivyo.

Washauri walikuwa wamefumbua macho. Mama Mkubwa akaja kukaa chini karibu naye, upande usiomzibia njia.

"Una miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na mmoja."

"Ufunguo wa unapolala anao nani?"

"Mimi."

"Hebu sema tena."

"Mimi, mama. Ninao mimi mwenyewe."

Mabega yake yakashuka. Kalamu sita zilikuwa zikikimbia kwenye daftari. Mkurugenzi, aliyechungulia wakati huo, akapiga makofi.

"Mkufunzi ni moto huyu! Anafundisha kwa vitendo!"

Akaondoka kwenda kuagiza kibao. Mama Mkubwa akafungua begi, akagawa simu kwa wenyewe.

"Utaita polisi?" Guru akauliza, akijifuta pua.

"Polisi wa nini? Wewe sasa ni mteja, na siri ya mteja haitoki humu. Ila kikao kina ada yake."

"Kiasi gani?"

"Wewe ulitutoza kiasi gani?"

Guru alimtazama kwa heshima ambayo mjanja humpa mjanja mwenzake tu. Akatoa bahasha mfukoni, haijafunguliwa, akaiweka kiganjani mwa Mama Mkubwa kwa mikono miwili, na tena akasema asante.

"Alhamisi una nafasi?"

"Saa tatu. Usichelewe."

"Nitafika saa mbili na nusu," akasema Guru, "nisije nikakuta foleni."