Hatua Tano Kushoto

Jumatano, 7 Agosti
Kocha Lindqvist katangaza: Jumapili mdakaji mmoja wa nyuma ataachwa na timu yetu ya besiboli. Ama mimi ama Prewitt. Mimi nina miaka thelathini na nne, hii ni timu yangu ya kumi na moja, na goti linalotabiri mvua Iowa nzima. Prewitt ana ishirini na mmoja, ananiita babu. Na Ijumaa anakuja skauti, msaka vipaji wa ligi kuu!

Nimepata wazo. Prewitt hudaka kila mpira kwa sababu husimama mahali pake. Kosa lake hilo. Nani humpigia makofi mtu aliyesimama? Mimi nitasimama hatua tano kushoto, mpira uje kulia, niruke.

Alhamisi, 8 Agosti
Majaribio. Mipira mitatu rahisi, miruko mitatu, makofi mara tatu! Mama muuza hotidogi akasema hajawahi kuona mwanamume akihangaika vile. Nimeichukua kama sifa. Prewitt kauliza kama babu kadondosha meno nyasini, aje tusaidiane kuyatafuta. Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 9 Agosti
Skauti huyo, nyuma ya wavu, daftari gotini. Nimeruka mara mbili, nimedaka mara mbili. Anaandika! Mwisho wa mchezo, tunaongoza kwa pointi moja, nikaona nimalizie kwa kishindo. Hatua nane.

Mpira ukaja palepale ambapo mwenye akili angesimama. Nikaruka. Nikatua. Mpira nao ukatua, mbali nami. Prewitt ndiye aliyekimbia kuuokota, wapinzani wakiwa wameshapata pointi mbili. Tumeshindwa. Goti limevimba kama boga, na aibu hainiachi.

Jumapili, 11 Agosti
Lindqvist kaniita ofisini. Akaniambia nifunge mlango. Kwenye kazi hii, ukiambiwa ufunge mlango, kafungashe virago. Nje ya besiboli sijui kufanya chochote.

Akaniuliza kama macho yangu ni mazima. Akasema skauti kamchukua Prewitt: eti kijana hana mbwembwe, mpira unamkuta amesimama. Kwangu kaandika neno moja tu: “Hulala.” Lakini Prewitt akiondoka hakuna mwingine, kwa hiyo nabaki! Sharti moja: nisimame alipokuwa akisimama Prewitt. Kanichorea hata msalaba wa chaki nyasini.

Prewitt kanikumbatia, akasema, “Tunza goti, babu.” Nusura nilie.

Kwa hiyo mpango umefaulu! Na huo msalaba utanifaa sana. Mechi ya Jumanne nitapimia kuanzia hapo. Hatua sita.