Pupa Aliyevaa Mkanda

Sanjok Mukhia alikuwa hajamaliza hata saa moja Kalimpong, mji wa milimani India, alipomwona mzee wa miaka sabini na ushei akiingia kwenye nyumba kwa dirisha, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kofia imemkaa upande. Kwa heshima ya kikazi akazima skuta yake na kusimama kando. Mwizi akiwa kazini hasumbuliwi. Sanjok mwenyewe hakuwa mwizi, tuelewane. Wezi huvunja na kuchukua, yeye alikuwa akipewa. Lakini watu wa riziki ngumu huheshimiana.

Mwishowe uvumilivu ukamshinda. "Mzee wangu, mlango huo hapo. Tena haujafungwa."

"Usiuguse!" Mzee nusura adondoke. "Ukiugusa tu, nakuapia, tutagombana!"

"Kuna nini?"

"Kuna pupa kwenye bawaba. Nikifungua mlango namsaga. Leo siku ya tisa."

Sanjok akasogea. Kweli, kwenye bawaba kulikuwa na kitu kidogo cha rangi ya kahawia, kinaning'inia kichwa chini, kimya. Kiwavi aliyejifunga akingoja kuwa kipepeo.

"Siku ya tisa unapita dirishani? Kwa ajili ya hiki kidude?"

"Mke wangu naye anapita hapa hapa. Jana kapitisha gunia la mchele." Mzee akajivuta ndani, akageuka na kutoa kichwa nje, ana raha zake. "Naitwa Bhupal. Mimi ni wa Klabu ya Vipepeo na Bustani. Sheria yetu ni moja tu: pupa alipo ndipo alipo. Hasogezwi, hatikiswi, hata kama kaning'inia kwenye pua ya bwana harusi. Mwaka juzi mmoja alijifunga kwenye geti la Mwalimu Menuka, harusi ya binti yake ikasogezwa mbele wiki mbili."

"Na bwana harusi akakubali?"

"Alipewa kazi ya kulinda geti."

Sanjok akahisi kitu kinamtekenya kifuani. Alikuwa amepanda mlimani kutoka Siliguri kwa sababu huko chini watu kumi na wawili walikuwa wakimtafuta, kila mmoja ana hati ya kiwanja kile kile. Mali yake ilikuwa skuta nyekundu aliyoipa jina la Rani, kitu pekee maishani mwake alichokinunua kwa risiti. Aliipenda kuliko jamaa zake, na sababu alikuwa nazo.

"Mzee Bhupal," akauliza kwa sauti ya mtu anayepoteza muda tu, "kuna kipepeo ambaye hamjawahi kumpata?"

Macho ya mzee yakalowa. "Mfalme wa Milimani. Kijani kama majani ya chai, ana mikia miwili. Nimemwona mara moja tu, mwaka niliooa, juu kabisa kileleni. Bustanini kwetu hajawahi kutua. Hata siku moja."

Basi, kazi ikawa imeshajileta yenyewe. Watu wanaopita dirishani kwa ajili ya pupa wa kawaida, watafanya nini kwa ajili ya mfalme?

Jumamosi Sanjok akaingia kwenye mkutano wa klabu amevaa kofia pana, ana daftari kwapani, amekuwa mtaalamu wa vipepeo kutoka Gangtok. Wanachama walikutana uani kwa Phulmaya, mama mpika momo, vile vifurushi vya unga vyenye nyama vinavyoivishwa kwa mvuke, ambaye tangu alfajiri hadi jioni vidole vyake havikuacha kukunja unga. Juu ya duka lake kulikuwa na chumba cha kupanga, na Sanjok akakipanga.

Mkutano wenyewe ulimwacha hoi. Mama mmoja alisimama akashika kifua. "Jamani! Viwavi wameula mlimau wangu wote! Hawakubakisha jani!" Sanjok akatoa uso wa pole, lakini uani wakapiga makofi. Mwingine akapitisha jani lenye matundu, watu wakalishika kwa vidole viwili, wakilitolea macho kama picha ya mjukuu. Kwa watu hawa bustani iliyoliwa ndiyo bustani.

Mwalimu Menuka, mwenyekiti, mwanamke mfupi aliyefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu hiyo hiyo, akamtazama mgeni juu ya miwani. "Mwanangu, Gangtok unafanya nini hasa?"

"Mwalimu, mimi natafuta walezi." Sanjok akashusha sauti. "Nina pupa watatu wa Mfalme. Msitu waliokuwemo umekatwa. Siwauzi! Mfalme hauzwi. Natafuta bustani tatu za watu wenye moyo. Basi."

Wote uani wakasogeza viti karibu, hata sufuria ya mvuke ikasahauliwa.

"Na gharama?" Phulmaya akauliza bila kuacha kukunja.

"Didi, mimi nitamwomba dada yangu gharama? Mchango tu, wa safari ya kuwaokoa waliobaki. Chochote kile ambacho mtu akikitoa kitamuuma kidogo."

Walitoa. Mzee Bhupal alitoa darubini ya marehemu baba yake, ya shaba, akaipangusa mara tatu kabla ya kuiachia. Mwalimu Menuka alitoa bahasha nene ya rupia za pensheni. Phulmaya alivua hereni za dhahabu masikioni, palepale, kwa vidole vyenye unga. Sanjok alitokwa na machozi, na tusimwonee, yalikuwa machozi ya kweli. Kazi ikienda vizuri namna hiyo hata jiwe hulia. Vyote akavitia chini ya kiti cha Rani, akafunga kwa ufunguo.

Wafalme wenyewe alikuwa amewatengeneza chumbani kwa karatasi laini, gundi na rangi ya kijani, akawapaka mgongoni unga wa dhahabu wa kupambia keki. Siku hiyo hiyo akawabandika kwenye miti ya magnolia katika bustani tatu, kichwa chini, sawasawa na yule wa kwenye bawaba ya Mzee Bhupal. Fundi ni fundi, huiga kilichopo.

"Siku kumi na tano," akawaambia. "Msiwaguse. Msiwapumulie hata pumzi."

Walezi wote watatu walimkazia macho pupa wa bustani ya mwisho kwa muda mrefu. Mwalimu Menuka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee Bhupal akakohoa. Phulmaya akasema neno moja tu, "Makubwa." Sanjok akadhani ni unyenyekevu.

Usingizi wake ulikuwa mtamu. Asubuhi akateremka na mkoba wake, anapiga mluzi, anawaza barabara ya kwenda Nepal. Akakuta klabu nzima imeizunguka Rani. Wamekuja na viti, chupa za chai na madaftari.

"Pongezi, mdogo wangu!" Phulmaya akapaza sauti. "Umepata mgeni!"

Mkoba ukamponyoka. Pale usukani unapokutana na mwili wa skuta, mahali ambapo ukikata kona tu kila kilichopo kinasagika, alikuwa ameketi pupa wa kijani, mnono, anang'aa. Kichwa juu. Kiunoni kapitishiwa uzi mwembamba unaomshikilia, kama fundi wa umeme aliyejifunga mkanda juu ya nguzo.

"Ni... ni wa aina gani?" Sanjok akauliza.

"Unatuuliza sisi?" Mzee Bhupal akasema kwa mshangao mkubwa. "Huyo ni Mfalme, mtaalamu! Kawafuata wenzake."

"Na huo mkanda?"

Mwalimu Menuka akatabasamu, kama alivyowatabasamia watoto kabla ya kuomba fimbo. "Ukoo wake wote huvaa mkanda, mwanangu. Kichwa juu, mkanda kiunoni. Hata watoto wa darasa la tatu tunawafundisha. Lakini wewe unalijua hilo."

"Naam," akasema Sanjok, na jasho likamshuka mgongoni taratibu hadi kwenye mshipi wa suruali. "Naam, naam. Nilikuwa nawapima."

"Atakaa siku ngapi?"

Akataka kusema mbili. Lakini mdomo uliozoea kurudia uongo wake mwenyewe ulishatangulia: "Kumi na tano."

Hesabu aliifanya akiwa amesimama. Wake wa karatasi walitakiwa kutoka siku moja kabla ya huyu wa kwenye skuta. Siku ya kumi na nne klabu ingekuwa chini ya miti ya magnolia inangoja wafalme watatu, na yeye bado yuko hapa, Rani hageuki, na mali yote chini ya kiti.

"Mimi nadhani ningeisukuma tu, kidogo kidogo..."

Viti kumi na viwili vikalia kwa pamoja, watu wamesimama.

"Nimesema nadhani tu!" Sanjok akaketi.

Hapo ndipo yalipoanza maisha ambayo Sanjok alikuwa ameyakimbia tangu alipozaliwa. "Kwa kuwa upo upo tu," Mwalimu Menuka akamwambia, akimkabidhi jembe. Siku ya kwanza akalima matuta matano. Siku ya pili akabeba samadi ya ng'ombe kwa kikapu cha mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso, akapanda mlima mara mbili. Siku ya tatu akaozesha ndizi. Ndiyo, aliozesha ndizi: akaziponda kwa mikono, akachanganya na pombe ya mtama, akapaka kwenye vigogo, kwa sababu waheshimiwa vipepeo hupenda kulewa. Mzee Bhupal alikaa pembeni akimwelekeza kwa kidole.

"Upande wa kulia umesahau."

"Mzee, kiuno kinaniuma."

"Ndiyo vipepeo wanavyokuja, kijana. Unafikiri wanatumwa kwa posta?"

Kila asubuhi alikimbilia kwa Rani kwanza. Jambo la ajabu, yule pupa hakunyauka. Kila siku alionekana mbichi zaidi, tena alikuwa kama anatoa mvuke kwenye ubaridi wa mlima.

"Didi, leo mbona kanenepa?"

"Anakua," Phulmaya akajibu, anakunja. "Kula momo, mdogo wangu. Kazi ngumu hiyo."

Alijaribu kuwafikia wale wake wa karatasi, awageuze tu, awafunge hata uzi wa viatu. Akakuta kila mti umefungwa chandarua, na chini ya kila chandarua bibi mmoja anafuma sweta. Alijaribu kufungua kiti cha Rani akijifanya anatafuta kitambaa; mabibi wengine wawili wakamshika mikono kwa upole wa kutisha. "Atatikisika, mwanangu."

Siku ya sita Mwalimu Menuka akagonga kikombe kwa kijiko. "Ndugu wanachama, habari njema! Nimewaandikia wataalamu wa Gangtok. Kesho wanakuja watano kuwaona Wafalme wetu." Akamgeukia Sanjok. "Watafurahi kukuona mwenzao. Wanasema hawakukumbuki vizuri, lakini nimewaambia wewe ni mtu wa porini sana."

"Sana," akasema Sanjok.

Alfajiri ya siku ya saba, kabla viti havijajaa, alisimama mbele ya Rani. Bibi wa zamu alikuwa amesinzia, lakini kidole chake kilikuwa juu ya kengele ya baiskeli. Sanjok akaweka kiganja juu ya kiti. Chini ya kiganja kulikuwa na dhahabu, shaba na bahasha nene, akakuta havimhuzunishi. Ilimhuzunisha taa ile ya mbele aliyoinunua kwa bei ya taa, na kile kikwaruzo cha siku walipoanguka wote wawili kwenye mto Tista. Ilimuuma. Tusifiche, ilimuuma mpaka akafikiria kwa dakika nzima kungoja polisi waje wamkute amekaa juu yake.

"Kwaheri, mama," akanong'ona, akauweka ufunguo juu ya kiti, maana hata tapeli hawezi kuiacha Rani bila ufunguo. Akashika njia ya miguu inayopanda nyuma ya duka.

Alipofika kwenye kona ya juu pumzi zikamwishia, akageuka. Ua wa Phulmaya ulikuwa chini yake, wazi kama sinia. Klabu yote ilikuwa imeamka. Pengine haikuwa imelala. Akamwona Phulmaya akiiendea skuta na kibakuli mkononi. Akamwona akiinama pale kwenye usukani, akimshika yule Mfalme wa Milimani kwa vidole viwili, akamfungua mkanda, akamchovya kwenye achari ya pilipili, akamla.

Sanjok akashika mti.

Phulmaya akala taratibu, akalamba kidole. Mzee Bhupal akafungua kiti, akatoa darubini ya baba yake, akaipangusa mara tatu, kisha akaielekeza juu kwenye kona. Akamwona, akapunga mkono. Mwalimu Menuka akahesabu bahasha yake, akakunja mikono mdomoni kama tarumbeta.

"Mwanangu! Uliwaning'iniza kichwa chini! Sote tulijua siku ile ile!"

"Kwa hiyo mbona mlinilimisha wiki nzima?" Sanjok akapiga kelele, sauti imepasuka.

"Mgongo wangu mbovu!" Mzee Bhupal akajibu.

Phulmaya alikuwa amekwisha kuvaa hereni zake. Akaketi juu ya Rani, akaiwasha, na Rani, mwanamke asiye na haya, ikawaka kwa jaribio la kwanza, wakati Sanjok alikuwa akimpigia magoti kila asubuhi ya baridi. Akaugeuza usukani kulia, akaugeuza kushoto, laini kabisa. Kisha akainua uso kuelekea mlimani.

"Mdogo wangu! Momo zingine zinaiva! Rudi ule kwanza!"

Sanjok alikuwa na malengelenge kumi na moja viganjani, samadi kwenye nywele, na hakuwa amekunywa hata chai. Akaitazama njia ya Nepal. Akaitazama sufuria ya mvuke. Na tuseme kweli, alisimama pale muda mrefu sana akifikiria.