Koti Lililokuwa Jipya Mno

Jumatatu, 4 Machi
Kyoto. Mgongo unauma. Nyapara wetu, mzee Iwamatsu, katangaza: Jumamosi tunabeba boriti kuu ya paa la hekalu. Atakayekuwa mbele atapigwa picha. Lazima niwe mimi! Baba mkwe huko kwetu Tsugaru aliniita mzigo. Aione, anyamaze.

Shida ni koti. La Genpachi, mbebaji mwenzangu, limepauka kama anga la alfajiri, viraka juu ya viraka, na kila mtu analipapasa kwa heshima. Langu jipya. Rangi yake ya nili imekolea hadi shingo yangu ni buluu. Genpachi aliniuliza natoka kazini au dukani. Wote wakacheka. Wajinga!

Jumanne, 5 Machi
Akili ninayo. Nimelifunga koti kwenye jiwe, nikalitosa mtoni kutwa. Limetoka safi, rangi imekaza, linang'aa kuliko jana. Nili ya kwetu ni kiboko! Nilijivunia kidogo. Kisha nikalitukana.

Jumatano, 6 Machi
Nimelisugua begani kwa mchanga na kigae. Likapauka. Likatoboka! Bibi Otane, mwenye nyumba, kalitia kiraka kwa uzi mweupe, mishono midogo kama punje za mchele. Kauliza nimepigana na paka? Nikamwambia ni kazi, bibi, kazi. Sijawahi kupendeza hivi.

Ijumaa, 8 Machi
Nyapara kalipapasa bega, kaguna kwa kuridhika. Moyo ukapaa! Kisha kaniambia nibebe gogo. Nikabeba. Akauliza mbona nabeba kushoto na koti limechakaa kulia.

“Huko kulia alikuwa anabeba nani, ndugu yangu? Mkeo?”

Genpachi alicheka hadi akakaa chini. Nikajibu kwamba leo nalipumzisha bega la kulia. Nyapara akasema vema, kesho nibebe kwa hilo hilo, mbele, tuone.

Mbele!

Jumamosi, 9 Machi
Bega la kulia halijui kazi. Wimbo wa kubebea boriti ulipoanza nikapepesuka, na wote nyuma yangu wakapepesuka kama walevi. Genpachi akaruka, akaingia mahali pangu, boriti ikapona. Kapigwa picha yeye.

Jumapili, 10 Machi
Nimefikiri sana. Bega si tatizo. Suruali ya Genpachi imepauka magotini, yangu haijapauka: ndiyo siri yenyewe! Nimeshaanza kusugua. Goti lipi? Yote mawili. Safari hii nyapara hanikamati.